Bibi alisema "muhogo una mwezi wake". Kwa nini hakuutia kwenye futari?

#1 BintiKangagani
Assalamu alaykum wadau, na wasiofunga habari zenu.

Nina swali la jikoni linaninyima raha. Nimezaliwa Kangagani, Pemba, nikalelewa na bibi mzaa mama. Futari ya kwetu ilikuwa chungu kimoja: majimbi, ndizi mkono wa tembo, shelisheli likipatikana, tui la nazi mbili, na samaki mkavu wa ng'onda pembeni. Mwezi mzima hivyo. Muhogo haukuingia kwenye chungu kile hata siku moja, na shamba la muhogo lilikuwa nyuma ya nyumba, ukifungua dirisha la jiko majani yanakugusa uso. Ukimuuliza bibi anakujibu bila kuinua kichwa kwenye mbuzi, huku anakuna: "Muhogo una mwezi wake." Basi, hapo umejibiwa.

Nimeolewa Tanga. Ramadhani ya kwanza nikakabidhiwa jiko, nikapika ya kwetu kwa moyo wote. Mama mkwe akala, akashukuru, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, na futari iko wapi?" Kwao futari ni muhogo, hayo mengine ni nyongeza.

Bibi alifariki 2014 na mama hajui sababu. Je, huu ni mwiko wa Pemba nzima, wa kijiji chetu, au wa bibi yangu peke yake? Mwenye kujua anisaidie, maana binti yangu ameanza kukaa jikoni na mimi na ameshaniuliza swali lile lile.

#2 Mvuvi_Pangani
Waalaykum salaam dada. Mama mkwe ana haki yake. Hapa Pangani bila muhogo hujafuturu. Muhogo, papa mkavu, tui zito, pilipili mbuzi nzima ielee juu bila kupasuka. Mengine mtajadili nyie.

#3 KijanaMakunduchi
Si mwiko, ni ardhi. Kwetu Makunduchi ni uwanda, mawe matupu. Unatafuta tundu lenye udongo baina ya mawe, unachomeka kijiti cha muhogo, unamwachia Mungu, na muhogo unatoka. Jimbi hulipandi pale hata ukiliimbia, linataka bonde lenye maji. Utotoni majimbi kwetu yalikuwa yanakuja kutoka sokoni Darajani, mtu akipika majimbi tunajua ana mgeni. Nyie Pemba mabonde mnayo kila mahali. Bibi yako alipika alichokuwa nacho.

#4 BintiKangagani
@KijanaMakunduchi ahsante, lakini soma tena. Muhogo alikuwa nao, nyuma ya nyumba. Na asubuhi za siku nyingine tulikuwa tunaula na chai ya mkandaa, ile ya rangi. Ni Ramadhani tu ndiyo haukupikwa.

#5 Ng'wana Ziwa
Mimi sifungi ila uzi umenivuta. Huku Mwanza muhogo ni uti wa mgongo, tunauvundika, tunauanika, tunapata udaga, ugali wake unashika mpaka kesho. Nashangaa mnaubagua. Ni chakula cha asili cha Mwafrika, babu zetu wameula tangu enzi na enzi.

#6 MwanaMvita
Ndugu yangu wa Ziwa, asili gani? Muhogo waliuleta Wareno. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 alikuwa nao merini. Sisi huku twaula wa kuchemsha, wa nazi, na ule wa kukaanga mwembamba wauzwao pale Lighthouse, Mombasa, na pilipili na ndimu. Lakini asili si yetu.

#7 Bwana Shamba Mstaafu
Wote wawili nawasahihisha kidogo. Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, hilo MwanaMvita yuko sawa. Ila Vasco da Gama asingeweza kuwa nao 1498: Wareno walifika Brazil 1500, na nahodha wao Cabral. Waliupeleka kwanza Afrika Magharibi na Kongo katika karne ya 16. Pwani yetu umekuja kuzoeleka baadaye sana, karne ya 18 na ya 19. Kwa hiyo babu wa Ng'wana Ziwa ameula, ila babu wa babu wa babu yake alikula mtama, uwele na ulezi.

Na kwa kuwa tumefika Tanga: pale Amani, milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930 watafiti walikuwa wanazalisha mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato, wakauchanganya hata na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mzizi ndani huku majani yako vizuri, ulielezwa kwa mara ya kwanza pale pale mwaka 1936. Nimefanya kazi ya ugani miaka 31, nimeona wakulima wanalia shambani: shina zuri, unang'oa, ndani pamekauka kama gome.

Sasa kwa swali la dada nina jibu la shambani. Muhogo uliokomaa ukikutwa na mvua mpya unaamka, unatoa majani, na chakula cha kuyatoa unakivuta kwenye mzizi wake wenyewe. Ukiuchimba wakati huo una maji, unapika saa mbili haulainiki, unabaki kama mshumaa. Bibi alikuwa anajua hilo. "Una mwezi wake" maana yake ni ukame. Kiangazi unakuwa unga mtupu, masika hauliki.

#8 Mvuvi_Pangani
Mzee hapo umepiga. Muhogo wa masika ni adhabu.

#9 Mhesabu wa Miandamo
Nakubaliana na Bwana Shamba, lakini kuna kitu amekiruka. Ramadhani haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, na inachukua miaka kama 33 kuzunguka majira yote. Mwaka huu tumeanza Februari, kaskazi inapuliza, jua kali, embe zinaishia. Ramadhani ya namna hii mara ya mwisho ilikuwa 1993, na kabla yake 1960. Kama sababu ni mvua tu, bibi angeupika muhogo Ramadhani za kaskazi na kuuacha zile za masika. Dada, bibi alizaliwa lini? Na wewe umekaa naye miaka gani?

#10 BintiKangagani
Cheti hakuwa nacho. Mama anakadiria 1940. Mimi nimekaa naye tangu 1989 mpaka nilipomaliza fomu four 2005.

#11 Mhesabu wa Miandamo
Basi nisikilizeni. Msichana wa Pemba aliyezaliwa 1940 anaingizwa jikoni kwa makini akiwa na miaka 11, 12, 13. Ramadhani ya 1952 ilianza mwisho wa Mei. 1953 katikati ya Mei. 1954 mwanzo wa Mei. 1955 Aprili. Masika kavu kavu, samahani, masika tupu, mvua juu ya mvua! Mabonde yamejaa majimbi, muhogo umejaa maji. Alipofundishwa na mama yake, futari ilikuwa majimbi kwa sababu ya majira. Akakua, Ramadhani ikahama, yeye akabaki na kile alichofundishwa. Kwa hiyo wewe uliyekaa naye 1989 mpaka 2005 ulikuwa unakula futari ya mwaka 1953.

Nimeandika haya nikiwa nimekaa barazani na kwa kweli nimesisimka. Mama yangu mwenyewe hupika uji wa pilipili manga mzito Ramadhani zote, hata joto hili la Februari, tunatokwa jasho mezani. Alianza kupika 1983, Ramadhani ilikuwa Juni, kipupwe.

#12 KijanaMakunduchi
Shekhe Mhesabu umetuchorea ramani ya matumbo yetu. Lakini mama yangu alianza kupika miaka hiyo hiyo ya 1980, masika na kipupwe, na alipika muhogo. Ule mgumu mgumu tuliula. Kwa hiyo narudi kwenye mawe yangu: ardhi.

#13 Mama wa Watatu
Hamjambo. Mmezunguka mbali, sababu ni sumu. Muhogo mchungu unaua. Sisi tulikuwa Handeni, kaka yangu wa miaka 7 alichimba mmoja pembeni mwa shamba akaula mbichi, ilikuwa kiangazi. Nusu saa tu alitapika, akaanza kuyumba, macho yakamlegea. Tulimpakia baiskeli. Alipona, Alhamdulillah, leo ni baba wa watu, lakini muhogo hagusi. Sasa mtu amefunga tangu alfajiri, tumbo tupu, ndiyo umpe muhogo usioujua? Bibi wa dada alikuwa anaogopa kwa ajili ya watoto.

#14 Bwana Shamba Mstaafu
Pole kwa mtihani huo, mama. Ni kweli, sumu yake inazidi wakati wa ukame. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipata konzo, miguu inapooza ghafla haitaki kurudi, walikuwa wanakula muhogo mchungu uliosindikwa haraka kwa sababu ya njaa. Ila huo ni muhogo mchungu. Ule wa nyuma ya nyumba unaoliwa na chai ni mtamu, na hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kutofautisha shina na shina kwenye shamba lake. Tena angalia: wewe unasema kiangazi ni hatari, mimi nilisema kiangazi ndiyo mzuri. Tukichanganya maneno yetu muhogo utakosa mwezi kabisa.

#15 Ruwi_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Bibi yangu mimi ni wa Ng'ambo, Unguja, akaja huku 1972. Huku muhogo tunaununua wa kwenye friza, umeshamenywa, na tunagombania na jirani zetu wa Kerala, maana nao kwao wanaula na mchuzi wa samaki, wakikuona una pakiti mbili wanacheka. Futari ya nyumbani kwetu mezani kuna harisi ya ngano na nyama kama majirani Waomani, na pembeni bakuli la muhogo wa nazi. Baba hali kitu kabla ya lile bakuli.

Lakini bibi mwenyewe hakuugusa mpaka anakufa. Alisema neno moja, "mgao". Mwanzo wa miaka ya 1970 mchele ulikuwa wa kupimiwa, watu wanapanga foleni, wakila muhogo asubuhi, mchana, usiku. Alikuwa anasema, Ramadhani ni mwezi wa neema, sitaki kuonja foleni. Labda na bibi wa dada alikuwa na la kwake.

#16 Shangazi Chumbageni
Ruwi umenikumbusha mbali. Baba mkwe wangu alikuwa akisema njaa ya vita ndiyo iliyowafundisha watu wazima kula muhogo bila kuona haya. Mjapani alipoiteka Burma 1942 mchele uliokuwa ukija kwa meli ukakatika. Miji yote ya pwani ilikuwa imezoea wali wa Rangoon. Wakarudi kwenye muhogo na mahindi. Mtoto aliyezaliwa 1940 muhogo ule ndio aliokuzwa nao. Wapo wanaoupenda kwa sababu hiyo na wapo wanaouchukia kwa sababu hiyo hiyo.

#17 Mpenda Magofu
Jibu liko nyuma zaidi. Mashamba ya karafuu ya Sultani Seyyid Said na waliomfuata yalilimwa na watumwa, na watumwa walipewa vipande vya ardhi wapande muhogo wao. Muungwana alikula wali. Kwa hiyo kwenye mwezi mtukufu familia inayojiona ina heshima haiweki chakula cha shamba kwenye sinia la futari. Ndivyo chakula kinavyobeba cheo.

Na nyongeza: ndizi mbichi ndiyo futari kongwe. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika kuhusu wali kwa samli, mchuzi wa kuku, nyama na samaki, achari za ndimu na embe, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Ndizi za nazi hizo, wadau. Miaka karibu 700. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamechimba Tumbe na Chwaka wakakuta punje: Tumbe ya zamani zaidi watu walikula sana uwele, Chwaka iliyofuata wakahamia mpunga. Hakuna muhogo.

#18 KijanaMakunduchi
Chwaka yetu ya Unguja imeingiaje?

#19 Mpenda Magofu
Chwaka ya Pemba mkuu, hapo hapo karibu na Tumbe. Zipo mbili.

#20 MwanaMvita
Mpenda Magofu, hapo pa maziwa nakupinga. Maziwa ya Mogadishu ni ya ng'ombe au ngamia, si tui. Wasomali hadi leo ni watu wa maziwa. Wewe waona ndizi na kitu cheupe, wasema futari ya nazi.

#21 BintiKangagani
@Mpenda Magofu nakuheshimu kwa elimu yako, ila hilo la uungwana silikubali. Bibi yangu alilima kwa mikono yake, alichuma karafuu za watu, hakuwa na wa kumdharau. Muhogo aliula kila siku nyingine ya Mungu na alikuwa akiusifu. Na futari yake ilikuwa inakwenda nyumba saba. Kila magharibi nilikuwa nabeba sahani zilizofunikwa kwa kawa, nyumba ya kwanza ya mzee kipofu, ya mwisho ya fundi wa mitumbwi, na sahani hazikurudi tupu. Kwa hao saba watano wakipika muhogo. Sahani ya muhogo ikija kwetu anaipokea, anaila, anamwombea dua aliyepika. Kupika yeye ndiyo hakupika.

#22 Ng'wana Ziwa
Kumbe aliula hata Ramadhani! Hilo ulilificha tangu mwanzo dada. Basi sumu, mgao na uungwana vyote vimeanguka kwa mpigo mmoja.

#23 Mhesabu wa Miandamo
Majira hayajaanguka.

#24 Mvuvi_Pangani
Wakati mnaangushana, dada tupe mapishi ya hayo majimbi. Mke wangu aliyajaribu juzi tukawashwa koo watu wanne mpaka tarawehe.

#25 BintiKangagani
Poleni. Sikiliza, au mpe simu asome mwenyewe.

Kosa la kwanza huwa ni maji. Jimbi lisioshwe kabla ya kumenywa. Lifute udongo kwa kitambaa kikavu, mikono ipake mafuta ya nazi, menya maganda manene bila huruma mpaka usione rangi ya waridi. Kinachowasha ni vijisindano vidogo sana visivyoonekana kwa macho, maji baridi yanavieneza. Ukishamenya yote ndipo uoshe kwa maji na chumvi, mara moja, haraka, utie kwenye maji yanayochemka tayari. Yakitoka povu la kijivu mwaga maji hayo yote. Bibi alikuwa halionei choyo.

Zikune nazi mbili kubwa. Tui la kwanza liweke kando, usilitie maji mengi. Bibi alichujia kifumbu cha ukili, akikikamua mishipa ya mkono inasimama. Mimi natumia kitambaa. Machicha yakamuliwe tena kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi. Majimbi na ndizi zikae chunguni kwa mpangilio: majimbi chini kwa sababu yanachelewa, ndizi juu. Mimina tui jepesi lifunike, chumvi, kitunguu maji kimoja, bizari nyembamba kidogo kama mnaipenda, bibi hakutia. Moto wa wastani. Jaribu jimbi kwa njiti ya ufagio: ikiingia bila kusukuma limeiva. Kabla ya hapo usilionje, ndipo koo linapowasha.

Tui zito linaingia mwisho. Moto upunguze, usifunike, koroga kwa kulinyanyua na upawa na kulirudisha, upande mmoja, mpaka lichemke mara moja na kushika. Ukiliacha bila kulinyanyua litakatika, utaona mafuta juu na maji chini. Kamulia ndimu, epua. Wacha likae kama robo saa, litajivuta lenyewe. Ng'onda mchome pembeni, mponde, mtie mezani na pilipili ya kuponda.

#26 Shangazi Chumbageni
Mashallah, mkono wa mtu huyo. Nyongeza moja: yapo majimbi ya aina mbili. Lile ambalo kikonyo kinashika jani kwa chini, ndani kidogo ya ukingo, na lile ambalo kikonyo kinaishia kwenye pembe ya jani lenye umbo la mshale. La pili linachelewa zaidi kuiva.

#27 Bwana Shamba Mstaafu
Sahihi kabisa. La kwanza lilitoka Asia pamoja na ndizi, la mshale lilitoka Amerika kama muhogo wenyewe. Na shelisheli asili yake ni visiwa vya Pasifiki, jina tumelipa la Shelisheli. Chungu cha bibi kilikuwa na wageni watupu, muhogo ni mgeni mwenzao tu.

#28 Mvuvi_Pangani
Nashukuru dada, amesoma, amesema "kumbe maji". Leo tunarudia.

#29 BintiKangagani
Wadau nimerudi na habari. Jana baada ya tarawehe nilimpigia mama mdogo, yuko Wete. Nikamsomea uzi wote mpaka salio likakata, akanipigia yeye. Amecheka sana kuhusu uungwana.

Anasema shamba la nyuma ya nyumba halikuwa letu la kula. Lilikuwa la wachumaji. Msimu wa karafuu ukifika watu walikuja Pemba kutoka Unguja na hata bara, na bibi alikuwa akiwapikia kambi ya mwenye shamba mmoja. Muhogo wa nazi, asubuhi na jioni, sufuria inayobebwa na watu wawili. Usiku kila mtu anakaa kwenye jamvi anatenga karafuu na makonyo, vidole vinakuwa vyeusi, na muhogo unaliwa hapo hapo kwa vidole vile vile. Anasema mpaka leo akinusa karafuu mbichi mdomo unamjia ladha ya muhogo. Bibi alikuwa anahesabu mashina, ya chai ni yale ya ukingoni tu. Ya katikati usiguse, "una mwezi wake". Yaani mwezi wa karafuu.

#30 Mpenda Magofu
Hili nalikubali bila kinyongo, na lina historia yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Wachumaji wengi kiasi hicho lazima walishwe na kitu kinachokaa ardhini kinasubiri. Majimbi hayasubiri hivyo.

#31 Mhesabu wa Miandamo
Nzuri sana. Sasa nipime. Karafuu kubwa huchumwa kuelekea mwisho wa mwaka. Kuna miaka Ramadhani na karafuu zilikutana: 1970 Ramadhani ilianza mwanzo wa Novemba, 1971 na 1972 Oktoba, 1973 mwisho wa Septemba, 1974 na 1975 Septemba. Kama ni hivyo, miaka ile muhogo ulipikwa nyumbani Ramadhani. Muulize mama mdogo. Halafu zilikutana tena kuanzia 2003, Ramadhani ilianza mwisho wa Oktoba. Wewe ulikuwepo!

#32 BintiKangagani
2003 nilikuwepo na hakupika. Lakini kambi ilikuwa imeshakwisha zamani, alikuwa mtu mzima, magoti yanamsumbua.

Mama mdogo nimemuuliza. Anaapa kwamba ipo Ramadhani moja akiwa mdogo sana walifuturu muhogo wa wachumaji mezani, na ulikuwa mtamu kuliko siku zote. Mama mkubwa yuko Chake, amesikia, amekataa katakata. Anasema wachumaji walikuwa wakifunga nao, wakipikiwa muhogo wao kule kambini, na nyumbani chungu kilikuwa cha majimbi vile vile. Sasa hawasemeshani vizuri kwenye kundi la familia, mama anawasuluhisha.

#33 KijanaMakunduchi
Poleni. Ila tukumbuke karafuu nazo hazizai sawa kila mwaka. Huenda mama mdogo anakumbuka mwaka mmoja wa neema na mama mkubwa anakumbuka mingine yote.

#34 Mama wa Watatu
Au bibi alichoka tu. Mtu aliyepika muhogo sufuria ya watu wawili miezi mitatu, akipata mwezi wa kupikia nyumba yake atapika kingine. Mimi nilifanya kazi ya kupika chapati mgahawani miaka minne, nyumbani kwangu chapati hazipikwi.

#35 Ruwi_Maskati
Mama wa Watatu, hapo umenigusa.

#36 MtuWaMicheweni
Salaam. Nimesoma kurasa zote kimya kimya, leo niseme. Mimi ni wa kaskazini huko Pemba, Micheweni. Kwetu neno hilo hilo lipo, "muhogo una mwezi wake", na sisi hatukuwa na karafuu za maana, kwetu ni mawe na uvuvi. Mwezi wenyewe unajulikana: Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani. Sikukuu ikipita, wakubwa wanafunga sita, zile siku sita za sunna. Watoto hawafungi, nyumba haina shamrashamra, hakuna anayeandaa sinia. Ndipo unapochimbwa muhogo, mtu anachemsha kipande kimoja au viwili, tui kidogo, anafuturu peke yake kimya. Nyanya yangu akisema hiyo ndiyo futari ya mtu na Mola wake, haina haja ya mapambo. Sijui kama Kangagani mlikuwa hivyo. Dada, bibi alikuwa akifunga sita?

#37 Mhesabu wa Miandamo
Subhanallah. Kama ni hivyo hesabu zangu zote za majira hazina kazi, maana Mfunguo Mosi unahama pamoja na Ramadhani.

#38 Bwana Shamba Mstaafu
Mimi bado nasema mvua.

#39 BintiKangagani
@MtuWaMicheweni nimesoma ujumbe wako nikiwa nakuna nazi, nikasimama. Alikuwa akifunga sita kila mwaka, hakuacha hata alipoumwa. Nimejaribu kukumbuka alikuwa akifuturu nini siku zile. Namwona anatandika mkeka ukumbini, namwona na kikombe cha maji, na kibakuli chenye kifuniko cha bluu. Ndani ya kibakuli sijui. Sikukuu ilikuwa imepita, sisi watoto hatufungi tena, magharibi zote sita nilikuwa nje nacheza.